Sura ya Tatu: Nani Amekosewa?

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii husemwa shuleni, kazini, hata kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa, na ni nadra kumsikia mtu akiipinga. Sasa toa neno kosa, weka dhuluma mahali pake: kufanya dhuluma si dhuluma. Sikio linakataa papo hapo. Weka usaliti, weka ubakaji, weka unyang'anyi, methali inavunjika vilevile. Kosa linavumilika mara ya kwanza kwa sababu halilazimishi awepo mtu aliyeumia. Unaweza kukosea hesabu, kukosea tahajia, kukosea njia ya kwenda kwa shangazi, na hakuna aliyelia. Dhuluma haina nafasi hiyo. Ukishaitaja, msikilizaji atakuuliza kwanza: kamdhulumu nani?

Swali hilo ndilo nitakalolifuata katika sura hii. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya uovu: dhambi, hatia, jinai, maasi, uhalifu, hiana, fitina, fedheha, orodha ni ndefu. Kinachoniuma ni namna tunavyoyavisha matendo. Mara kwa mara tunachukua neno lisilodai kuwapo kwa aliyekosewa tukaliweka juu ya tendo lililomliza mtu, na mtu huyo anatoka kwenye sentensi. Akishatoka kwenye sentensi, kumtoa kwenye shauri lenyewe si kazi kubwa.

Tuanze na kitenzi cha nyumbani. Kukosa ni neno letu la Kibantu, na maana yake ya msingi ni kutopata au kutofikia. Mwindaji hukosa shabaha, abiria hukosa basi, maskini hukosa mlo. Lugha nyingine za kale zimepita njia hiyohiyo. Neno la Kiebrania la dhambi, na lile la Kigiriki lililotumika katika Agano Jipya, yote mawili yana asili ya kukosa shabaha. Katika Waamuzi 20 wanatajwa wapiganaji 700, wote wa mkono wa kushoto, waliorusha mawe kwa teo bila kukosa hata unywele, na kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ni kilekile ambacho kwingine kinamaanisha kutenda dhambi. Mfasiri wa Kiswahili hapati shida mahali hapo, kwa kuwa lugha yake ina kitenzi kimoja kinachobeba yote mawili.

Lakini utajiri wenyewe uko kwenye viambishi. Ukisema amekosa, hujamtaja mwingine yeyote. Huenda amekosa nauli, huenda amevunja amri. Ukisema amenikosea, nimeingia ndani ya kitenzi, na haiwezekani kukitamka bila mimi. Kisha kuna wamekosana, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Ndugu wawili wameachiwa na baba yao ng'ombe sita. Mkubwa anapeleka wanne mnadani bila kumwambia mtu, fedha anajengea. Mdogo anapogundua wanapandishiana sauti, na tangu siku hiyo hawasalimiani. Mwezi haujaisha, kijiji kizima kinasema, "Wale wamekosana." Ni kweli, uhusiano umevunjika. Lakini kiambishi kile kidogo kimegawa lawama nusu kwa nusu, na wazee watakaoitwa kupatanisha wataanza kikao wakiwa wameshamtwika mdogo nusu ya kosa ambalo hakulitenda. Ataambiwa naye apunguze hasira. Ataambiwa damu ni nzito kuliko maji. Ng'ombe wanne hawatatajwa mpaka atakapowataja yeye mwenyewe, na akiwataja ataonekana ndiye asiyetaka yaishe.

Dhambi ni neno lenye makao mengine. Limetoka Kiarabu, na wa kwanza kukosewa ndani yake ni Mwenyezi Mungu. Mtu anaweza kutenda dhambi peke yake chumbani, mlango umefungwa, kwa wazo tu. Kwa hiyo dawa yake ni toba, na toba huelekezwa juu. Hapo pana mwanya ambao mwenye nguvu hupenda kuupitia: kumla yatima, kisha kuyamaliza na Mungu. Kinachonitia moyo ni kwamba dini zote mbili kubwa za eneo letu ziliuona mwanya huo zamani na kuuziba. Wanazuoni wa Kiislamu hufundisha kwamba toba ina masharti ya kuacha tendo, kujuta na kuazimia kutolirudia, na kwamba tendo likiwa limegusa haki ya mja mwenzako linaongezeka sharti la nne, kumrudishia haki yake au kumwomba radhi yeye mwenyewe. Mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya Kitubio nayo yanamtaka mwenye kuungama kurekebisha madhara aliyoyafanya, na kurudisha mali iliyoibwa kunatajwa waziwazi. Kusamehewa na padre hakumpi mwizi uhalali wa kubaki na kitu cha watu.

Hata Sala ya Bwana inabeba jambo hili. Katika Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, Mathayo anaomba msamaha wa deni, wakati Luka katika Biblia hiyohiyo anaomba msamaha wa dhambi. Wakatoliki wanaposali husema makosa. Waumini wawili wa madhehebu tofauti wanaweza kusimama bega kwa bega msibani, wakasali sala moja, na mmoja akawa anaungama deni, mwingine kosa. Kati ya hayo matatu mimi nalipenda zaidi deni, maana haliwezi kuwapo bila mdai, na mdai ana jina na anakaa mahali fulani.

Hatia nitalipita haraka, kwa kuwa kazi yake imepangwa na sheria. Mtu hutiwa hatiani na mahakama, wala si na mtaa, na mahakama ikisema hana hatia maana yake ushahidi uliofikishwa mbele yake haukutosha. Kosa kubwa tunalofanya mitaani ni kulisoma neno hilo kana kwamba limesema hakuna aliyeumizwa. Aliyeumizwa yupo palepale. Kilichoshindikana ni kuthibitisha aliyemuumiza.

Sasa tuje kwenye hongo, neno lenye historia ambayo wengi wetu tumeisahau. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa kila mtawala ambaye ilipita katika nchi yake. Wasafiri Burton, aliyepita mwaka 1857, na Stanley, aliyefuata mwaka 1871, wote waliandika habari zake, na Ugogo ndiko kulikojulikana kwa hongo nzito, kwa kuwa nchi ile ni kame na mwenye visima ndiye aliyeshika njia. Ililipwa kwa nguo, kaniki na merikani, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Majadiliano yake yalifanyika hadharani na yangeweza kuchukua siku kadhaa, huku wapagazi wakisubiri na vyakula vikipungua. Wasafiri wa Ulaya waliilalamikia kama unyang'anyi, lakini kwa wenyeji ilikuwa ada ya kupita, kunywa maji na kulindwa, na ilijulikana na wote. Wajerumani walipowanyang'anya watemi mamlaka juu ya njia, ada ile ikafa. Neno likabaki bila kazi yake ya halali, na leo linaelezea malipo yanayofanyika pembeni, bei haitajwi, na mwenye kisima si yule anayepokea.

Katika Kenya hongo ndilo neno la kila siku la tendo hilo, pamoja na mlungula. Tanzania hutumia zaidi rushwa, lililotoka Kiarabu, na kuhonga huko mitaani kumehamia kwa mwanamume anayemmwagia mwanamke zawadi. Lakini kaunta yenyewe haitumii neno lolote kati ya hayo. Sikiliza kinachosemwa pale mezani, wakati faili limeshikwa na halitoki. "Ongea vizuri, kaka." "Nisaidie nikusaidie." "Sasa mzee, unatuachaje?" Nairobi wataomba kitu kidogo, au chai. Mwenye kuomba hatoi amri, wala hataji kiasi. Anakuachia wewe uonekane mkarimu au mchoyo. Ukitazama sentensi hizo utaona zina watu wawili tu, anayetoa na anayepokea, na wote wawili wanaondoka wakiwa wameridhika. Mtu wa tatu hayumo kabisa. Huyo ni yule mama aliyefika saa 12 asubuhi, akaketi kwenye benchi la mbao na karatasi zake kwenye mfuko wa plastiki, na ambaye zamu yake ndiyo iliyouzwa. Haki iliyobadilishana mikono pale ilikuwa yake. Maneno ya kaunta yametengenezwa ili asionekane, na kwa maoni yangu ubaya wake mkubwa uko hapo, kuliko hata katika zile shilingi.

Tanzania iliwahi kwenda mbali zaidi, ikaiingiza lugha ya aina hiyo katika sheria. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi, na kitu kilichotolewa na mgombea kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila kikaacha kuhesabiwa rushwa. Jina lake likawa takrima. Ni neno zuri, la kumkirimu mgeni, neno ambalo mama hulitumia akichinja kuku kwa ajili ya mkwe. Likabandikwa kwenye sukari, kanga, fulana na noti zilizogawiwa wapiga kura. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili wakalipeleka suala hilo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kukiuka Katiba. Hoja iliyobeba shauri hilo ilimrudisha mtu wa tatu: mgombea asiye na fedha za kugawa, ambaye sheria ilimwacha nyuma ya mwenye nazo. Mapema kabisa, wanachama wa TANU, chama cha uhuru cha Tanganyika, walikuwa wakiahidi kutotoa wala kupokea rushwa, wakiitaja kama adui wa haki. Kati ya ahadi ile na takrima hamkubadilika tendo, lilibadilika jina.

Maneno makubwa ya uchumi nayo yana ugonjwa huohuo. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali iliendesha msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikapitishwa. Shitaka la uhujumu uchumi lipo hadi leo. Lakini uchumi hauna mdomo wa kutoa ushahidi, wala hautapanga foleni ya kurudishiwa kilichochukuliwa. Mnunuzi aliyetembea siku nzima kutafuta sabuni, akauziwa kwa magendo mara tatu ya bei, hatajwi popote katika shitaka hilo.

Ufisadi ulikuja kujaza pengo. Katika kamusi za zamani fisadi alikuwa zaidi mtu mpotovu wa tabia, mzinzi anayeharibu watoto wa watu, na wazee wengi walilijua neno kwa maana hiyo. Mambo yaligeuka nchini Tanzania Septemba 15, 2007, mwanasiasa wa upinzani Dk. Willibrod Slaa aliposoma katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Likafuata suala la Akaunti ya Malipo ya Nje katika Benki Kuu, ambako zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa, kisha mkataba wa umeme wa Richmond uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Ndani ya miezi michache neno lilikuwa kwenye kila kijiwe. Lilikuwa na makali kuliko rushwa, kwa kuwa lilimtaja mtenda kwa jina la tabia yake: fisadi. Mwaka huohuo wa 2008 waziri mmoja alipoziita vijisenti fedha zilizozidi dola milioni moja, wananchi walishika kiambishi kile cha udogo na hawakukiachia.

Hata hivyo ufisadi una udhaifu wake, na uko kwenye ngeli. Kosa lina wingi, dhambi zinahesabika, hata watu wakataka kuzikuza wakasema madhambi. Ufisadi hauna wingi. Huwezi kusema ufisadi huu na ule, viwili. Umekaa pamoja na ujinga na umaskini, kama hali ya hewa ya nchi, jambo la kupiga vita, la kuundiwa kamati na mikakati. Ubadhirifu ni dhaifu zaidi. Asili yake ni kutapanya, kama kijana aliyemaliza mshahara kwa anasa. Ripoti ya ukaguzi ikiandika matumizi yasiyo na nyaraka, au fedha zilizotafunwa, tumebaki na kitenzi cha kutendwa na hakuna mtenda wala mtendwa. Zahanati ambayo haikuezekwa iko wilaya gani? Nani alijifungulia njiani? Ripoti ingeweza kusema.

Mahali ambapo hasira yangu haifichiki ni pale tendo linapofanywa juu ya mwili wa mtoto. Binti wa miaka 14 amepewa mimba na jirani mtu mzima. Nyumbani kikao kinasema: amemharibia mzee binti yake. Ichambue sentensi hiyo. Kitenzi ni kuharibu, tunachokitumia kwa saa, kwa gari, kwa nyanya zilizokaa juani. Kiambishi -i- kimemweka mzee mahali pa aliyekosewa. Binti amekuwa kitu, mali iliyoshushwa thamani mikononi mwa baba yake. Kwa hiyo baba ndiye atakayelipwa: ng'ombe kadhaa, au fedha kidogo za kuyamaliza kifamilia. Sarufi imeshatoa hukumu kabla ya polisi kujua. Wakati huo sheria ya Tanzania ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inasema wazi kwamba binti wa chini ya miaka 18, nje ya ndoa, amebakwa hata kama alikubali. Aliyekosewa katika sheria hiyo ni yeye mwenyewe.

Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 ni ushindi mkubwa kwa walioipigania. Lakini kosa la kumwingilia mtoto limepata katika Kiswahili cha habari jina la unajisi, na mtoto husemwa amenajisiwa. Najisi ni neno la twahara. Ni mkojo, ni damu, ni mate ya mbwa, ni kile kinachotakiwa kuoshwa kabla ya kusali. Tukisema mtoto amenajisiwa tumesema uchafu sasa uko kwake. Yule mtu mzima anabaki safi ndani ya neno. Nawaomba wahariri waliache. Kubaka lipo, linaeleweka Lamu hadi Kigoma, na linaacha uchafu kwa aliyeufanya.

Mwanaharamu ni wa ukoo huohuo. Kama kuna haramu katika kuzaliwa kwake, ilikuwa ya watu wazima wawili, naye hakuwapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulelewa na baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Hapo mtoto amehesabiwa kuwa anadai, wakati tusi letu linamhesabu kuwa anadaiwa.

Tusogee sasa kwenye baraza la ardhi la kata nchini Tanzania, kama lilivyokuwa kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kuliachia usuluhishi tu. Mabaraza haya yaliwekwa na sheria ya mwaka 2002, yenye wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, watatu kati yao wanawake. Mjane anaketi mbele ya meza, kanga ya pili ameifunga kiunoni. "Mwenyekiti, shemeji zangu wamenidhulumu shamba." Katibu anachukua kalamu na kuandika juu ya jalada: mgogoro wa shamba, na chini yake, mlalamikaji na mlalamikiwa. Nakubali kwamba baraza haliwezi kuita jambo dhuluma kabla ya kusikiliza pande zote. Ingekuwa kuhukumu kwa kichwa cha habari. Jambo lisilokubalika ni kwamba baada ya ushahidi kutolewa, mipaka kupimwa kwa miguu, na mashahidi kuthibitisha kwamba mashemeji waling'oa mihogo yake wakapanda yao, jalada linafungwa likiwa bado na maneno yaleyale. Mgogoro umetatuliwa. Katika kumbukumbu za kata kulikuwa na ugomvi, ukaisha. Hamna mahali palipoandikwa kwamba watu watatu walimnyang'anya mwanamke mmoja ardhi yake. Hukumu ingeweza kumaliza kwa kulirudisha neno lake: baraza limeridhika kwamba mlalamikaji alidhulumiwa. Wajumbe walipokwisha kusikiliza, walikuwa na haki ya kuliandika.

Lugha ya kuomba radhi nayo inafaa ichunguzwe kwa kigezo hicho. Nilipitiwa. Shetani alinipitia. Niliteleza. Kama kuna mtu nimemkosea, naomba anisamehe. Sentensi hizi ni laini na zina nafasi yake katika maisha, hasa kwa mambo madogo ambayo kuyakuza kungekuwa ukatili. Lakini ile "kama kuna mtu" ikitoka kwa aliyeuza kiwanja kimoja kwa wateja watatu, imempa aliyedhulumiwa kazi ya ziada ya kuthibitisha kwamba yupo.

Mazishi ya Waislamu wa pwani na bara yana utaratibu ulio bora kuliko huo. Kabla ya maiti kuzikwa, msemaji wa familia husimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze kwa fulani, na aliyekosewa naye amsamehe. Sehemu ya pili hupita upesi, watu wanaitikia tumesamehe. Sehemu ya kwanza hutajwa pamoja na jina la mtu wa kumwendea, na mara nyingi namba yake ya simu. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu gharama za mazishi na madeni hutolewa kwanza, kisha wasia, ndipo warithi wagawane. Kiwanja alichomdhulumu jirani, kikithibitika, kinaingia kwenye hesabu ya deni. Kinarudi kwa mwenyewe, na kilichosalia ndicho kinachogawiwa watoto.